Nani Alipiga Ile Gitaa

3 Septemba 1984, siku ya kwanza

Leo shule imefunguliwa. Daftari hili nililinunua ili nitayarishie masomo ya la quatrième, darasa la nne, lakini nitaandika humu hasira yangu, kwa sababu nisipoiandika itanipasua.

Saa kumi, nikitoka shuleni, nilipita kwa Adolphe, yule anayetengeneza redio na kuuza kaseti karibu na soko la Nyakasanza, hapa Bunia. Alikuwa ameweka disiki mpya dirishani. Kwenye jalada kuna mwanaume mwenye miwani nyeusi, ameikumbatia gitaa kama mtu aliyeizaa. Ni Xavier. Chini yake imeandikwa kwa Kifaransa: Xavier, gitaa na utunzi. Halafu kwa herufi za kutafuta kwa kidole: sauti, Emérance.

Emérance ni mimi. Gitaa pia ni mimi. Utunzi ni mimi, besi ni mimi, na ile ngoma inayosikika kama mtu anayebisha mlango wa mdeni ni mguu wangu wa kuume juu ya kreti ya bia. Hakuna mtu mwingine kwenye disiki ile, hata wa kukohoa. Ndiyo maana niliiita Niko Peke.

"Adolphe, hii ni nini?"

"Imetoka Kinshasa," alijibu, macho kwenye redio aliyoifungua. "Wameitoa tena, mara ya tatu sasa. Batu banaipenda sana, mama."

"Weye ulikuwa pale. Weye njo uliwasha mashine."

"Ni kitambo, mama."

Kitambo! Ni miaka tisa. Mimi nina viatu vya miaka tisa na ninajua nani alivirarua.

Mvua ilinikuta njiani. Sikukimbia.

4 Septemba

Wanafunzi hamsini na watatu, mabenchi kumi na tisa. Mvua.

7 Septemba

Niandike vizuri, kama ninavyowafundisha watoto: nani, wapi, lini.

Baba yangu alikuwa karani Mongbwalu, kwenye migodi. Kazi yake ilikuwa kupima dhahabu ya watu wengine. Injinia mmoja mzungu, alipokimbia nchi, alimwachia mashine ya disiki na sanduku la disiki za watu weusi wa Amerika, wale wanaoimba kama mtu mwenye jino bovu, na gitaa inawajibu. Baba alikaa nazo miaka. Akajifunza, akanifundisha na mimi, na alinionyesha namna nyingine ya kufunga kamba, si kama watu wa rumba wanavyofunga. Ukizipiga zote bila kugusa kitu, tayari zinalia.

Nikaja Bunia, nikaingia katika Orchestre Shari ya Xavier. Nilisimama nyuma na kuitikia. Siku niliyoshika gitaa alininyang'anya mbele ya wote. "Mwanamke anashika maikrofoni," alisema. "Gitaa iko na wenyewe." Mwaka wa 1975, mwezi wa tatu, nilimwachia maikrofoni yake.

Adolphe alikuwa na mashine ya kurekodi ambayo ingeweza kuweka sauti juu ya sauti. Tuliingia kwenye depo ya kahawa, magunia ukutani, mvua juu ya mabati. Siku kumi na moja. Nilirekodi gitaa kwanza, halafu besi, halafu mguu, halafu nikaimba. Nyimbo nane. Ya kwanza inaitwa Mizani, ya baba. Tulitengenezesha disiki mia tano Nairobi, na kwenye jalada nilikuwa mimi nimekaa juu ya gunia, matope hadi kifundo cha mguu. Xavier alisema ni kelele za mbuzi.

1976 niliolewa na Ambroise Paluku, mfanyabiashara wa Butembo, mwenye kamion ya kupeleka chumvi Boga na kurudi na maharage. 1977, Marabo, nikimsaidia mama mkwe wangu, mkanda wa mashine yake ya kusaga mihogo ulichukua vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto, kile kidogo na jirani yake. Mkono wa kushoto ndio unaosema kwenye gitaa. Sikushika tena.

1979 baba alikufa. Miezi michache baada ya kilio nilikuta disiki yangu imetolewa upya. Jaladani kulikuwa na mnazi (mnazi, Bunia!) na jina la Orchestre Shari. Niliiangalia, nikairudisha mezani, nikanyamaza. Hiyo ndiyo aibu yangu mimi. Nilinyamaza mara moja, wakaita ni ndiyo.

12 Septemba

Directeur wetu, Jean-Pierre, aliingia chumba cha walimu akipiga mluzi wa Mizani. Nilimwambia, "Huo wimbo ni wangu."

"Tunajua, madame. Sauti nzuri."

"Na gitaa."

Alicheka kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. "Hapana, madame. Ile gitaa, unasikia mwenyewe, ile ni ya mwanaume."

13 Septemba

Ile ni ya mwanaume.

22 Septemba, siku ya posho, Jumamosi

Ambroise amerudi toka Boga, kamion nyekundu kwa matope mpaka kwenye vioo. Nilimwacha aoge, ale. Halafu nikaweka ile disiki, niliyoinunua kwa Adolphe, kando ya sahani yake.

Aliiangalia. Akamaliza ugali wake. "Bibi," alisema, "achana na mambo ya zamani. Weye ni mwalimu sasa. Batu banakuheshimu."

Akaenda kulala.

Hakushangaa. Ninaandika nisije nikasahau: hakushangaa.

28 Septemba

Mvua siku nne. Darasani tunakaa upande mmoja kwa sababu ya bati lililotoboka. Nafundisha kuzidisha kwa kupiga kelele.

5 Oktoba

Nilikwenda tena kwa Adolphe. Sikununua kitu, nilisimama tu mlangoni nikiziba mwanga, mpaka akaweka bisibisi chini.

"Bande ilikuwa kwako," nilisema. "Bande yangu, utepe tuliorekodia. Xavier aliipata wapi?"

"Sikuiba, mama. Nisikilize. Sikuiba. Mi nilikataa kumpa. Alirudi na karatasi."

"Karatasi gani?"

Alikwenda nyuma, akakaa sana, akarudi na bahasha iliyoliwa na mende kwenye kona. Ndani kulikuwa na kopi. Nimeisoma mara moja na ninaijua kwa moyo. Citoyen Paluku, mume wa citoyenne Mbambu, yaani mimi, kwa jina la mke wake, anakubali kwamba gitaa na utunzi wote wa disiki Niko Peke ni kazi ya citoyen Xavier. Tarehe 14 mwezi wa sita 1979. Saini ni ya mume wangu. Ile P yake yenye mkia, ambayo anaiweka kwenye kila gunia la chumvi.

"Nilifikiri unajua," Adolphe alisema. "Ni bwana yako. Nilifikiri munapatana."

Miaka mitano nimemchukia Adolphe kwa kitu alichokataa kufanya. Lakini sikumwambia pole, kwa sababu tangu 1979 ameuza disiki ile na anajua nani alipiga. Mtu anaweza kutokuiba na bado kuwa mwoga.

Ambroise yuko Boga.

8 Oktoba

Hajarudi. Barabara imekatika.

10 Oktoba

Hajarudi. Nimewapiga watoto wawili darasani kwa kosa dogo. Nimewaomba msamaha mbele ya wenzao. Sitaki hasira hii ishuke kwa watoto. Iko na mwenyewe.

11 Oktoba

Hajarudi.

13 Oktoba, siku ya posho

Alifika saa nane mchana, mvua ikimwaga. Nilikuwa nimepika sombe, majani ya mihogo. Nilimngojea avue koti, nikamwonyesha kopi.

Alikaa chini kabla ya kuisoma. Kwa hiyo aliijua kwa mbali, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake.

"Sheria inasema muke hawezi kusaini mwenyewe," alianza. "Ni bwana njo anasaini."

"Sikuulizi sheria. Nakuuliza ulisaini nini."

"Xavier alikuja hapa. Weye ulikuwa Mongbwalu."

"Nilikuwa Mongbwalu nikimzika baba yangu! Tarehe kumi na nne! Bado nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, na weye huku unasaini?"

"Alisema gitaa imekufa kwako, juu vidole haviko. Alisema disiki ikitoka kwa jina lako, batu batakuja kukutafuta, mapombe, mahoteli, safari. Alisema bora ubaki kwa sauti tu."

"Na weye ukasema sawa."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, Ambroise?"

Alijikuna mikono, ile mikono mikubwa ya kubeba magunia. "Kwamba asubui moja nitaamka, hauko. Nilikuoa, lakini mi nilikuona mara ya kwanza pale juu ya lile gunia, kwenye ile foto. Nilijua siku moja yule wa foto atakuja kukuchukua."

Ningetaka kusema kwamba nilimhurumia. Labda mwaka ujao. Leo nilichukua sufuria ya sombe, nikafungua mlango, nikaimwaga yote kwenye matope. Nikamwambia, "Miaka mitano ulinisikia nikiimba jikoni nikiosha vyombo, na kila mara ulijua. Kila mara, Ambroise! Ulikaa pale kwenye kiti ukijua."

"Ndiyo," alisema.

Angalau hakudanganya. Lakini neno hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mdanganyifu angalau anajua kuna kitu cha kuficha. Huyu alikaa nacho kama mtu anavyokaa na kiti.

Amechukua blanketi, atalala kwenye depo ya chumvi. Kesho nakwenda Marabo kwa mama yake. Kwetu mwanaume akiharibu namna hii, mke anapeleka shauri kwa mama mzazi wa mume, halafu anafunga mizigo. Mama Pétronille hanipendi, na mimi simpendi. Tangu mashine yake iniguse hatujawahi kuisemea siku ile. Sawa. Kesho nitayasema yote.

14 Oktoba, siku ya Mungu

Nilipanda kamion ya mbao, nikafika Marabo watu wakitoka kanisani. Mama Pétronille alikuwa barazani kwake, anapepeta maharage. Sikukaa. Nilimsomea karatasi nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili, nikatafsiri kila neno. Halafu nikasema, "Mwana wako aliuza mikono yangu mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa mashine yako."

Nimekuwa nikimwogopa mwanamke huyu miaka minane. Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Nikafikiri amekwenda kuita wazee wanifukuze. Nikasikia anavuta kitu, anaguna, kitu kinaanguka.

Alitoka na gitaa yangu.

Ilikuwa imefungwa kwenye mifuko ya unga na kamba ya katani. Rangi imepauka upande mmoja. Mimi niliambiwa na Ambroise kwamba ilichomwa. Yeye mwenyewe aliniambia, 1977, nikiwa bado na bandeji.

"Alinipa nichome," Mama Pétronille alisema. "Alisema ukiiona utalia. Nilimwambia nimechoma. Nilichoma mwiko wa zamani, aone moshi."

"Juu ya nini, mama?"

Alitazama mkono wangu. Ni mara ya kwanza ameutazama bila kugeuza uso. "Mashine ilikuwa yangu. Ule mukanda nilijua umelegea, na nilisema nitafunga kesho. Sikufunga. Vidole sikuweza kukurudishia. Basi nilisema hii haitaliwa na moto." Akafuta vumbi kwa kitenge chake. "Miaka saba natafuta mudomo ya kukuambia. Mudomo haikuonekana."

Mimi niliyekuja kumpiga kwa maneno nilikaa chini kwenye maharage.

Tulikula pamoja. Aliuliza kama nitamwacha mwanawe. Nikasema sijui. Akasema, "Kama utamwacha, mwache ukiwa na gitaa mukononi. Usitoke mikono mitupu."

17 Oktoba

Kamba zina kutu. Vidole vitatu. Haitoki.

19 Oktoba

Haitoki.

20 Oktoba

Haitoki. Viviane, jirani yetu, ameuliza kupitia ukutani kama tunachinja mbuzi.

23 Oktoba

Ambroise alitoka depo, akaweka kwenye meza pakiti ya kamba mpya. Sijui amezitoa wapi, labda kwa wale wanaovuka kwenda Uganda. Nilizichukua. Sikusema aksanti.

26 Oktoba

Leo, shuleni, Directeur alikuwa anapigia kinga yake, baiskeli, pumzi, na pampu ikavunjika mkononi. Aliitupa. Niliokota bomba lake la chuma, nikalikata kwa msumeno wa jirani, nikalisugua juu ya jiwe mpaka lisinikate. Linaingia kwenye kidole cha kati kama lilizaliwa pale.

Nilifunga kamba kama baba alivyofunga. Nikateleza bomba juu yake, taratibu.

Mungu wangu! Ililia. Haikulia kama zamani. Zamani nilikuwa ninagonga kila noti mlango wake. Sasa inapita kati ya milango, kule ambako hakuna noti bado, na inapiga kelele ikipita. Niliacha, nikatembea uani, nikarudi.

27 Oktoba

Asubuhi yote. Mchana wote. Viviane hajauliza kitu.

3 Novemba

Mizani imetoka, mwanzo mpaka mwisho, mara moja kati ya kumi na tano.

9 Novemba

Kuna matangazo kwenye kuta zote za soko. Xavier anarudi Bunia kwa mara ya kwanza toka aende Kinshasa. Atapiga siku ya posho, tarehe kumi na saba. Adolphe ameitwa kufunga waya na vipaza sauti. Yeye ndiye aliyekuja kuniambia yaliyobaki, kofia mkononi: kampuni moja ya Brussels inataka kutoa Niko Peke huko Ulaya, mara ya nne sasa, na wamemtuma mwanamke, Brigitte, amsikilize Xavier na kupiga picha mahali "alipoirekodi."

"Mahali alipoirekodi!" nilisema.

"Nitampeleka wapi, mama? Ataniuliza."

"Mpeleke kwenye depo, Adolphe. Halafu mwambie nani alikuwa ndani."

Alikunja kofia ile kama kitambaa cha kusafishia.

17 Novemba, siku ya posho

Naandika kesho yake, lakini tarehe ni hii.

Mazoezi yalikuwa saa nane mchana katika sale, ukumbi wa mikutano, milango wazi, watu wa mtaa wamejaa kwenye mabenchi kwa sababu ni bure. Mama Pétronille alikuja toka Marabo na mwavuli wake, akakaa benchi la kwanza kama yuko misani. Mimi niliingia na gitaa mgongoni.

Xavier aliniona. Amenenepa, na miwani ni ile ile. "Eh! Emérance! Sauti yetu!" Akashuka kunikumbatia. "Kuja, dada, utatuitikia."

"Piga Mizani," nilisema.

"Tutapiga baadaye."

"Piga sasa. Mwanzo tu."

Brigitte alikuwa amekaa pembeni na begi la mashine zake, mwanamke mwembamba aliyeungua jua puani. Aliinua kichwa. Xavier aliona kwamba ameinua kichwa, basi akacheka, akampa ishara kijana wake wa gitaa. Yule akaanza. Alipiga safi sana, na ilikuwa kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Kuna mahali gitaa inatakiwa kuguna chini na kulia juu pamoja. Alifika pale, akaruka.

"Muulize amefunga kamba namna gani," nilimwambia Xavier. "Au sema weye."

Halafu Xavier aliutazama mkono wangu, na akahakikisha watu wote wanamwona anautazama. "Na weye, mama, utaipiga na nini?"

Nilipanda. Adolphe alinifungia waya. Nikavaa bomba langu la pampu, nikapiga.

Haikuwa kama kwenye disiki. Nilikosa mara mbili, nikayapita makosa bila kuyaomba radhi. Mguu wangu ulipiga mbao, na sijawahi kuwa na hasira nzuri namna ile, hasira iliyonyooka, iliyojua njia. Nilipomaliza, wale wa mabenchi hawakupiga makofi mara moja. Aliyeanza kupiga ni Xavier.

"Vizuri sana!" alisema. "Miaka tisa. Hata kasuku, ukimuwekea disiki miaka tisa, atajifunza."

Watu wengine walicheka. Ninawakumbuka.

Ndipo Brigitte aliposimama. Aliniuliza kwa Kifaransa, polepole, "Madame, ungeweza kusema kitu? Chochote."

"Nikuambie nini? Kwamba mimi si kasuku?"

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata anachotafuta. Akatoa mashine ndogo kwenye begi. Alisema kampuni ilipewa kopi ya bande nzima, pamoja na vile vipande visivyowekwa kwenye disiki, na kuna kitu kabla ya wimbo wa nne hakukielewa. Akabonyeza.

Ilikuwa depo. Ilikuwa mvua ya mwaka 1975 juu ya mabati. Gitaa inakwenda, inakwenda vizuri, halafu kamba inakatika, tak! Papo hapo gitaa inakufa na mwanamke anapiga kelele: "Eee! Imenikata! Adolphe, usizime, nafunga ingine." Halafu unasikia kamba inavutwa, na mwanamke yule anaguna noti kwa pua akiitafuta, na kamba inapanda mpaka inakutana na pua yake. Halafu gitaa inaanza tena.

Ilikuwa sauti yangu nikiwa na miaka ishirini na miwili na vidole kumi. Sikuwa nimejua kwamba ipo.

"Kule Kinshasa niliuliza ni nani," Brigitte alisema. "Niliambiwa ni msichana aliyekuwa analeta chai."

"Chai?" alisema Mama Pétronille benchini. Hakujua Kifaransa, lakini thé alilielewa. "Chai!"

Watu wakamgeukia Adolphe. Jasho lilikuwa linamtoka. "Hakukuwa chai," alisema. "Hakukuwa mutu mwingine. Ni mama huyu na mimi na magunia."

Ilimchukua miaka tisa, na ilimbidi asikie jina lake mwenyewe kwenye mashine.

Xavier hakuvua miwani. "Kuna karatasi," alisema. "Bwana yake alisaini. Si yule pale? Muulizeni."

Ambroise alikuwa mlangoni, maji yakimchuruzika. Sikujua kwamba amekuja. Sale nzima ilimtazama, na yeye si mtu wa kutazamwa. Akifika harusini anakaa karibu na kamion. Nilijiambia, akinyamaza sasa, leo nalala Marabo.

"Mi nilitoa kitu haikuwa yangu," alisema.

Maneno matano. Mwaka mmoja kwa kila neno.

Usiku ule Xavier alipiga, ninaambiwa, na alichezesha watu mpaka mwisho. Mizani hakuipiga.

21 Novemba

Brigitte alikuwa nyumbani kwangu toka saa tatu. Disiki ya Brussels haijachapishwa, kwa hiyo itakuwa na jina langu mahali pake pote: gitaa, besi, sauti, utunzi. Zile za Kinshasa, zenye miwani, zitabaki sokoni. Hakuna mtu wa kuzikusanya nyumba kwa nyumba. Kuna watu watakufa wakiamini ile gitaa ni ya Xavier. Nimemuuliza mara tatu, na mara tatu amesema hakuna namna.

Halafu akataka kupiga picha ya mkono wangu kwa ajili ya jalada.

"Hapana," nilisema.

"Lakini ni historia nzito, madame. Watu wataguswa."

"Sitaki waguswe, nataka wasikie. Mwaka wa 1975 nilikuwa na vidole kumi. Anayenunua disiki ile anasikia vidole kumi. Weka ile picha ya gunia, na matope yake."

Alifunga kamera. Nadhani alikasirika kidogo. Vizuri, tuwe wawili.

Karatasi yake mpya ilikuwa na mistari miwili ya saini, kwa sababu sheria ni ile ile, mke hasaini peke yake. Nilitaka kuipasua. Nisome kitu changu, nikubali kitu changu, halafu nimngojee mwanaume akikubali pamoja nami! Nilisaini kwanza, jina zima, Emérance Mbambu, kubwa, likavuka mstari. Nikamsogezea Ambroise kalamu.

Aliishika kama inachoma. "Nisaini wapi?"

"Chini yangu."

Aliweka ile P yenye mkia, lakini safari hii ndogo.

2 Desemba

Mvua zimepungua. Ambroise bado analala depo. Ameniuliza kama nimemsamehe. Nimesema hapana. Amesema sawa, akaenda kufunga magunia. Asubuhi hii amerudi na swali lile lile, na nimeona kwamba atakuwa analiuliza kila siku ya Mungu. Mwache aulize.

8 Desemba, siku ya posho

Nimekwenda kwa Adolphe na nyimbo sita mpya. Nimezitunga mwezi huu nikisahihisha madaftari. Amefunga duka mchana kweupe, amening'iniza mablanketi ukutani, amesafisha mashine mpaka inang'aa. Alitaka kusema kitu kuhusu siku zile, alikuwa ametayarisha hotuba nzima. Nikamwambia awashe.

Nilirekodi wimbo wa kwanza mara saba. Zote mbaya. Kidole cha kati kilivimba ndani ya bomba mpaka tukalitoa kwa sabuni, na nikatukana maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Kesho kutwa, baada ya masomo, ya nane.